Kusoma asili ya jiwe la mchanga: kabla ya kuhesabu punje, paka rangi

Juzi mwanafunzi mmoja alinionyesha hesabu zake za punje za jiwe la mchanga: kwatzi, madini magumu yasiyooza kirahisi, asilimia 91; feldispa, madini yanayooza upesi kwenye joto na mvua, karibu hakuna. Alikuwa ameshaandika kwamba mchanga ule ulitoka nchi tambarare yenye joto na mvua nyingi. Nikamwuliza, ulipaka rangi? Kimya. Kosa hilo nalijua, liliwahi kunila miezi miwili.

Hatua ya 1. Chagua jiwe la punje za wastani, lisilooza. Likatwe kipande chembamba cha unene wa milimita 0.03, cha kutazamwa kwa hadubini.

Hatua ya 2. Paka rangi. Ortoklasi (aina ya feldispa ya potasiamu) isiyo na mistari ya pacha, yaani ya kristali zilizoota zikiwa zimeungana, hufanana mno na kwatzi: chini ya hadubini, zote mbili ni kijivu. Mvuke wa asidi ya haidrofloriki hukwaruza uso wa kipande, kisha sodiamu kobaltinaitriti huigeuza feldispa ya potasiamu kuwa njano, kwatzi ikabaki ilivyo. Mimi hupaka nusu ya kipande tu, ili nusu nyingine nilinganishe. Asidi hiyo hupenya ngozi hadi mfupani, na maumivu yanaweza kuchelewa, kwa hiyo ni kazi ya maabara yenye kabati la kufyonza mvuke na jeli ya kalisiamu glukoneti ikiwa karibu. Huna maabara? Tafuta punje zenye ukungu na mipasuko iliyonyooka, ila utachoka. Tena, albaiti, feldispa ya sodiamu, haishiki njano. Na ukiona tundu lenye umbo la punje, lihesabu kando: huenda feldispa iliyeyuka baada ya kufukiwa, na hiyo haisemi lolote kuhusu mvua za kale.

Hatua ya 3. Hesabu nukta 300 au zaidi kwa njia ya Gazzi-Dickinson: kwenye kila nukta ya kipande, andika kilichopo. Kristali inayozidi milimita 0.0625 ndani ya punje iliyo kipande cha mwamba iandike kwa jina la madini yake.

Hatua ya 4. Weka matokeo kwenye pembetatu ya Dickinson na Suczek ya 1979, mchoro wenye pembe za kwatzi, feldispa na vipande vya miamba, unaoonyesha mchanga ulitoka mazingira gani. Feldispa nyingi: graniti iliyoinuka na kumomonyoka upesi, au hali ya ukame. Vipande vya lava: safu ya volkeno. Kwatzi pamoja na vipande vya miamba ya mashapo: milima ya kukunjamana, kama Himalaya. Kwatzi tupu si lazima iwe mchanga uliogeuka jiwe na kumomonyoka tena mara nyingi. Mito ya ngao ya Guayana, eneo la miamba ya kale Amerika Kusini, inayoingia mto Orinoco huitoa moja kwa moja kwenye graniti, kwa kuwa joto na mvua za tropiki huiozesha vikali.

Tulipopaka kipande chake cha kwanza, karibu robo ya "kwatzi" ikawa njano. Anahesabu upya.