Kisu Kidogo cha Kurudi Nacho Nyumbani: Nunua Chuma Ulaya, Mpini Utaupata Mafinga

Januari moja nilishuka Mafinga na kisu nilichokinunua kwa pesa ya kuuma meno. Bapa lake lilikuwa na unene wa karibu milimita sita, jeusi, lenye meno mgongoni kama la komando wa kwenye sinema. Nilikuwa nimemletea mjomba wangu, ambaye ni mgema wa ulanzi. Akakishika, akakipima kwa mkono, akaenda nacho kwenye mianzi. Chipukizi la mwanzi hugemwa asubuhi na jioni kwa kukatwa kipande chembamba sana, ili utomvu uendelee kudondoka kwenye mbeta, yaani chombo cha mwanzi cha kukingia. Kisu changu hakikukata, kilichana. Mjomba akanirudishia huku akicheka. "Mjomba, hili ni shoka lililokonda."

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wale mlio Leeds, Malmö, Hamburg au Minneapolis, mnaopanga kurudi likizo Iringa, Njombe au Mbeya na mnataka kisu kimoja kisichokunjwa: cha kumenyea viazi, kubebeshea (kuunganishia) miche ya parachichi, kukatia nyama ya kuchoma na kupanda nacho Mlima Rungwe. Bei yake haina haja ya kuzidi pauni ishirini na kitu. Kinachobaki ni kazi ya mikono, na kazi hiyo inafanyika vizuri zaidi nyumbani kuliko huko mliko.

Kwanza unene. Watu wengi hutazama urefu na rangi, lakini kinachoamua kama kisu kitakata au kitapasua ni wembamba wa bapa. Tafuta milimita mbili hadi mbili na nusu. Urefu wa bapa, sentimita nane hadi kumi na nusu zinatosha kabisa. Ukihitaji zaidi ya hapo, unachohitaji ni panga, na panga utalikuta sokoni Mwanjelwa bila kulisafirisha.

Mimi huwapendekezea watu visu vya Mora kutoka Uswidi. Ile Companion ina bapa la kama sentimita kumi lenye unene wa milimita mbili na nusu. Basic 511 ni fupi na nyembamba kidogo, na bei yake ni ya chini zaidi. Hultafors, Waswidi vilevile, wana visu vya aina hiyohiyo vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, maana huko Skandinavia kisu hiki ni cha fundi seremala na fundi umeme, si cha kujionyesha. Kama unapenda kuanza na chuma kitupu, Lauri wa Finland wanauza mabapa yasiyo na mpini, na hayo ndiyo bora kwa kazi nitakayoieleza mbele.

Chuma chenyewe kiko cha aina mbili: cha kaboni na kile kisichoshika kutu. Hapa sina jibu moja kwa wote. Kisu cha mtu anayekitumia kila siku, kama mjomba, kiwe cha kaboni: kinanoleka haraka hata kwenye jiwe la mtoni. Lakini kama kitakaa kwenye sanduku miezi kumi na moja kikikungoja, tena Tukuyu, ambako mvua ya mwaka inapita milimita 2,000, chukua kisichoshika kutu. Cha kaboni ukikiacha na maji usiku mmoja kule, asubuhi kimeota kutu.

Ukichagua kaboni, kipe weusi wake mapema. Kisafishe kwa sabuni mafuta yote yatoke, kichovye kwenye siki ya moto kwa nusu saa hivi, kisuuze, kikaushe, kipake mafuta. Kitakuwa cha kijivu, na ile rangi inapunguza kasi ya kutu ingawa haiizuii kabisa. Watu wa Tukuyu hawahitaji siki. Menya ndizi mbichi mkungu mmoja tu, utomvu utafanya kazi hiyo bure. Ndiyo maana visu vya bibi zetu vyote ni vyeusi.

Sheria za huko uliko

Sitakaa sana hapa, ila usipasome kijuujuu. Uingereza, sheria ya 1988 inaruhusu kutembea hadharani na kisu cha kukunja kisichojifunga chenye makali yasiyozidi inchi tatu. Kisu kisichokunjwa, hata kiwe kifupi namna gani, lazima uwe na sababu ya maana ya kuwa nacho, na "nilisahau kwenye koti" si sababu. Kukinunua lazima uwe umetimiza miaka 18. Ujerumani mpaka uliowekwa kwa visu hivi ni bapa la sentimita 12, juu ya makatazo mengine ya kwenye mikusanyiko na usafiri wa umma. Uswidi, pamoja na kuwa ndiko vinakotoka, kubeba kisu mahali pa umma bila kazi inayokidai ni kosa. Marekani kila jimbo lina yake, wakati mwingine hata kila mji. Kwa hiyo kikifika nyumbani kwako kwa posta, kiache ndani mpaka siku ya safari.

Siku ya safari kinaingia kwenye begi la mizigo, kamwe si la mkononi. Kifunge makali kwa kadibodi nene na utepe, ili mkaguzi akifungua begi asijikate. Watu hukumbuka hilo Heathrow, halafu wakifika Dar wanahamishia vitu kwenye begi dogo na kusahau kwamba ndege ya Songwe nayo ina ukaguzi. Ukipanda basi Mbezi, kiache kwenye buti pamoja na mizigo.

Mpini, na hapa ndipo utamu ulipo

Mpini wa plastiki wa Mora hauna ubaya. Haunyonyi maji, hautelezi, na kama huna muda acha ulivyo, ruka sehemu hii. Lakini mikono yetu haifanani. Mpini uliokaa kiganjani mwako hauchoshi, nawe unaweza kukata siku nzima bila malengelenge.

Nenda kwa seremala yeyote Mafinga, Njombe au Mbeya mjini umwombe masalia ya mbao. Msindano wa Sao Hill ni laini mno, utabonyea. Mkaratasi na muwati ni migumu lakini hupenda kupasuka unapokauka. Chaguo langu ni mninga, unaoletwa kutoka misitu ya miombo kama ile ya Chunya: unachongeka, hautanuki sana na rangi yake inazidi kupendeza kadiri unavyoshikwa. Kikubwa uwe mkavu kwelikweli. Mpini wa mti mbichi uliochongwa Tukuyu ukiupeleka kwenye nyumba ya Ulaya yenye kupashwa joto usiku na mchana, utasinyaa na kupata ufa kabla ya Pasaka.

Mpingo unavutia, najua. Lakini ni mgumu kutoboa kwa mkono, na jamii yake yote iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, kwa hiyo kipande kibichi begini kinaweza kukuletea maswali usiyoyatarajia. Na mtu akikunong'oneza kwamba ana pembe ya tandala au kipande cha jino la kiboko, mpungie mkono uende zako. Hizo ni nyara za serikali, na kukutwa nazo ni kesi hata kama ni mpini tu. Pembe ya ng'ombe inang'aa vilevile na si nyara.

Kama umenunua kisu chenye plastiki, ipasue kwa patasi taratibu mpaka mkia wa chuma, ile sehemu ya bapa inayoingia ndani ya mpini, uonekane. Kama umenunua bapa tupu, mkia uko wazi tayari. Kabla ya lolote funga makali kwa tabaka kadhaa za utepe. Ni rahisi sana kujikata unapotengeneza kisu. Chukua kipande cha mbao cha sentimita 12 au 13, toboa matundu mawili au matatu yaliyopangana mstari mmoja, kisha yaunganishe kwa tupa nyembamba mpaka mkia uingie kwa kubana kidogo. Jaza gundi ya kuchanganya, ile ya tyubu mbili, ingiza mkia, nyoosha, acha siku nzima. Usikiguse. Mtu asiye na subira hapa hupata kisu kinachotazama pembeni.

Ndipo uchonge. Anza kwa tupa, malizia kwa msasa kuanzia ule mkali hadi ule laini. Shika, kata kitu, chonga tena pale panapouma. Wa mjomba uliishia kuwa mnene katikati na mwembamba kuelekea bapa, kwa sababu yeye hushika kisu karibu kabisa na makali. Mwisho upake mafuta ya kitani tabaka tatu, kila moja likikauka kabla ya jingine, kisha nta ya nyuki. Kitambaa cha mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa pembeni, kwa sababu huweza kujiwasha chenyewe. Kitandaze nje kikauke.

Kosa langu mwenyewe nililifanya kwenye mgongo wa kisu. Nilitaka uwe na kona kali, ili niweze kukwangulia cheche kwenye kijiti cha chuma cha kuwashia moto. Nikakipeleka kwa fundi wa kuchomelea mageti, akaweka grenda. Sekunde chache tu, chuma kikawa cha bluu mpaka karibu na ncha. Rangi ile maana yake ni kwamba chuma kimepata joto la karibu nyuzi 300 na ugumu wake umepungua; pale paliposhika bluu makali hayakudumu tena. Tangu hapo kazi ya mgongo naifanya kwa tupa ya mkono, dakika ishirini, kisu kimebanwa kwenye jiliwa. Na huo moto wenyewe usiuwashe ovyo kiangazi karibu na mashamba ya misindano. Wenyeji wa Mufindi hawana mzaha kwenye jambo hilo, na wana haki.

Makali na ala

Visu hivi vya Skandinavia vina mteremko mmoja mpana kila upande, na huo ndio unaokuongoza. Laza mteremko wote juu ya jiwe, usiinue, sukuma. Huna kinoo? Gundisha msasa wa namba 400, halafu 1000, halafu 2000 kwenye kipande cha kioo. Malizia kwa kuburuta kisu kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi. Kama unakata mifupa au mbao zenye vifundo, makali hayo membamba yatapindika. Inua mgongo kidogo mara tatu nne za mwisho ili kuyapa nguvu. Kwa kubebesha parachichi yaache membamba, na ufute bapa kwa spiriti kila unapohama mche, usije ukawa ndiwe unayesambaza ugonjwa kitaluni.

Ala ya plastiki inayokuja na kisu ni mbaya kwa macho lakini ina tundu la kutoa maji. Ukitaka ya ngozi, fundi viatu ataishona nusu siku. Mwambie aweke kipande cha ngozi katikati ya mshono, la sivyo makali yatakata nyuzi. Funga kamba nyekundu au ya chungwa mwishoni mwa mpini. Kisu chenye rangi ya udongo kikidondoka kwenye shamba la chai, mtakitafuta mpaka magharibi.

Kamwe usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi wakati wa masika, kwa sababu ngozi inashika unyevu. Changu siku hizi hakirudi Uingereza. Nakipaka mafuta, nakizungushia karatasi ya kaki, nakiacha kwa mjomba juu ya dari, ingawa najua hakitakaa darini hata wiki. Mwaka jana nilikikuta kimepungua upana kama milimita moja, mpini umekuwa mweusi, na mwenyewe yuko mianzini.