Kipimo cha HLA-B27, hatua kwa hatua

Fomu ikiletwa maabara imeandikwa "HLA-B27" na hakuna neno lingine, humpigia simu aliyeituma kabla sijagusa chupa. Namuuliza: mgonjwa anaumwa nini? Jibu la kipimo hiki halina maana bila jibu la swali hilo.

HLA-B27 ni protini iliyo juu ya seli zetu, na jeni yake iko kwenye kromosomu ya 6. Unazaliwa nayo au bila nayo. Mwaka 1973 watafiti wa London na wa Los Angeles, kila kundi kivyake, waligundua kwamba wagonjwa wa ankilosingi spondilaitisi, ile yabisi inayokakamaza uti wa mgongo, karibu wote walikuwa nayo.

Hatua ya 1: Sikiliza mgongo kwanza

Maumivu yanayostahili kipimo hiki yana tabia zake. Huanza polepole, mara nyingi kabla ya miaka 40, na hudumu zaidi ya miezi 3. Humwamsha mtu usiku wa manane. Asubuhi mgongo umekakamaa nusu saa au zaidi, lakini akitembea unalegea. Akilala kupumzika unazidi. Matako nayo huuma kwa zamu, leo kulia, kesho kushoto. Uliza pia kama jicho limewahi kuwa jekundu na kuumizwa na mwanga, na kama kuna ndugu mwenye tatizo kama hilo. Mgongo uliouma jana baada ya kubeba gunia haukihitaji kipimo hiki. Vilevile hiki si kipimo cha baridi yabisi inayovimbisha vidole vya mikono yote miwili. Hiyo ina vipimo vyake.

Hatua ya 2: Toa damu

Mgonjwa hahitaji kufunga kula. Tumia chupa ya EDTA (dawa inayozuia damu kuganda), yenye kifuniko cha zambarau. Ukishaijaza, ipindue taratibu mara 8 hadi 10, juu chini, mpaka uone damu yote inateleza sawasawa ndani yake. Usiitikise. Andika jina na tarehe papo hapo, mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yako.

Kama aliwahi kupandikizwa uboho, liandike hilo kwenye fomu: damu yake sasa inaonyesha alama za aliyemchangia.

Hatua ya 3: Itunze kulingana na njia ya kupimia

Hapa ndipo sampuli nyingi huharibika. Njia moja hutumia kingamwili zinazong'aa: seli hupita moja moja mbele ya leza, na mashine huhesabu zile zilizoshikwa. Seli hizo lazima ziwe hai, kwa hiyo damu ikae kwenye joto la kawaida la chumba, ipimwe mapema. Niliwahi kupokea chupa iliyolala usiku kucha kwenye friza. Seli zilikuwa zimepasuka zote, na ikabidi mama wa watu aitwe upya kuchomwa sindano. Iliniuma sana, maana alikuwa ametoka mbali akiwa na mgongo ule ule.

Njia ya pili ni PCR, inayosoma jeni yenyewe. Hii haidai seli hai. Isipokuwa usiweke damu kwenye chupa ya heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu heparini huizuia PCR kufanya kazi. Mimi huiamini PCR zaidi jibu la mashine ya leza linapokuwa la katikati, si chanya wala hasi, kwa kuwa kingamwili zile wakati mwingine hushika HLA-B7, protini nyingine inayofanana nayo, kimakosa.

Hatua ya 4: Soma jibu

Kijana mmoja alikuja na karatasi iliyoandikwa "chanya", mkono unatetemeka, akaniuliza, "Kwa hiyo nitapinda mgongo?" Nilimketisha. Kaskazini mwa Ulaya karibu watu 8 kati ya 100 wana alama hii, na wengi wao hawaugui kamwe. Chanya huongeza uzito wa dalili zilizopo. Haiwi ugonjwa peke yake. Tena aina za B27 ni nyingi: B*27:05 inahusishwa sana na ugonjwa, ilhali B*27:06 na B*27:09 hazihusishwi sana.

Hasi nayo isikupumbaze. Katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara alama hii ni adimu, na wapo wagonjwa wengi wa uti wa mgongo wasio nayo. Dalili za hatua ya 1 zikiwepo, jibu hasi lisimrudishe mtu nyumbani na vidonge vya maumivu tu. Daktari aagize picha ya viungo vinavyounganisha uti wa mgongo na nyonga, ikiwezekana MRI, kwa sababu eksirei inaweza kuchelewa miaka kuonyesha kitu.

Hatua ya 5: Hifadhi karatasi

Kama hujapandikizwa uboho, jibu halibadiliki maisha yote, kwa hiyo usilipie kipimo hiki mara mbili. Mzazi mwenye nakala moja ya jeni humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, lakini mtoto asiye na dalili sishauri apimwe.

Mwenye chanya akiamka na jicho moja jekundu, linauma na linaona ukungu, aende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, na karatasi hiyo aibebe.