Unataka Eldorado ya 1953? Kagua hivi kabla hujatoa hela

Ukioneshwa gari la Cadillac Eldorado ya 1953 ambalo eti limefanyiwa restoresheni yote, yaani limerudishwa kama jipya, achana na rangi kwanza, rangi inang'aa hata juu ya kutu. Anzia kwenye kioo cha mbele. Eldorado za mwaka huo zilitengenezwa 532 tu, na zikiwa mpya huko Marekani ziliuzwa dola 7,750 wakati konvatibo (gari la paa la kukunjwa) ya kawaida ya Cadillac, Series 62, ilikuwa dola 4,144, so tamaa ya kuivalisha ile ya kawaida nguo za Eldorado ipo tu. Bahati nzuri ni kazi ngumu: kioo cha Eldorado kinajipinda mpaka ubavuni, na ukingo wa juu wa mlango unabonyea kidogo halafu unapanda tena kuelekea nyuma. Rudi hatua kadhaa, liangalie gari kwa ubavu, ukiona mstari umenyooka tu kama rula shukuru uondoke.

Halafu turubai la paa. Likikunjwa linalala chini ya mfuniko wa chuma unaokaa sawasawa na bodi, na huo mfuniko ukikosekana kuupata mwingine ni kasheshe, kwa hiyo bei ishuke haswa sio kidogo. Mwambie muuzaji alikunje na kulikunjua mbele yako zaidi ya mara moja, linaendeshwa na haidroliki, kisha ingiza mkono nyuma ya siti upapase kapeti, vidole vikitoka na mafuta ujue kuna pampu au silinda inavuja.

Rangi sasa. Za kiwandani zilikuwa nne: Aztec Red, Azure Blue, Alpine White na Artisan Ochre. Ukikuta nyeusi ni mtu kapaka baadaye, si dhambi ila usilipie kama orijino. Fungua boneti usome kile kibati, modeli inatakiwa iwe 6267SX, halafu linganisha namba ya injini na makaratasi maana miaka ile namba ya injini ndo ilikuwa utambulisho wa gari lenyewe.

Kutu nayo: chukua sumaku, ifunge kitambaa isikwaruze, pitisha chini ya fenda na chini ya milango, ikiteleza bila kushika hapo kuna puti nene. Sakafu na buti inua kapeti uone kwa macho. Gari halina paa la chuma, mzigo wote uko kwenye chesisi, kwa hiyo piga jeki upande mmoja kisha fungua na kufunga mlango, ukianza kugoma usisikilize stori yoyote.

Na stori zitakuwepo, hasa ile ya Rais Eisenhower wa Marekani kupanda Eldorado siku alipoapishwa Januari 1953. Ni kweli alipanda, ila hakupanda hiyo yako. We omba picha za bodi likiwa limevuliwa rangi, risiti za mafundi, na uliendeshe mpaka injini ipate moto kabisa ndo mzungumze bei.