Namna ya Kuongoza Mdahalo kuhusu Nchi Ndogo Zilizo Ubavuni mwa Taifa Kubwa

Mwalimu wa klabu ya midahalo hapa Dodoma akipewa mada hii, mara nyingi hutundika ramani na kuanza kuhesabu vifaru. Usianze hapo, kwa sababu vijana watamtangaza mshindi kabla ya dakika kumi na mdahalo utakuwa umekufa. Anza na vitu ambavyo wanyonge walikuwa navyo mkononi, yaani lugha, wimbo na kura.

Mifano miwili inatosha. Itangulie Estonia, nchi ndogo inayopakana na Urusi, kwa kuwa katika nchi ya Wagogo hakuna haja ya kumweleza mtu kwa nini wimbo unaweza kukusanya umati. Tamasha la nyimbo la Waestonia lilianza mjini Tartu mwaka 1869, wakiwa chini ya Urusi ya kifalme, na liliendelea hata chini ya Umoja wa Kisovieti. Tarehe 23 Agosti 1989, miaka 50 tangu Ujerumani na Umoja wa Kisovieti zilipogawana Ulaya Mashariki kwa siri, watu wapatao milioni 2 walishikana mikono kutoka Tallinn nchini Estonia kupitia Riga, Latvia, hadi Vilnius, Lithuania, mwendo wa zaidi ya kilomita 600. Wape vijana kipimo cha nyumbani: barabara ya Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450 tu. Kisha watoke uwanjani, washikane mikono, wapime kwa kamba mstari wao umefika wapi, na wakokotoe wenyewe watu wanaohitajika kufika Dar es Salaam.

Mfano wa pili, kisiwa cha Taiwan kilicho karibu na China, unataka uangalifu zaidi. Eleza mapema kwamba China huihesabu kuwa sehemu yake na kwamba Tanzania inaitambua serikali ya Beijing, ili jambo hilo lisije likazuka katikati na kuvuruga mazungumzo. Eleza pia kwamba chama cha Kuomintang, kilichohamia kisiwani baada ya kushindwa vita China bara, kilitawala kwa sheria ya kijeshi tangu 1949 hadi 1987, na kwamba mwanafunzi aliyeteleza akazungumza Kitaiwani, lugha ya nyumbani kwa wengi kisiwani, shuleni aliadhibiwa, wengine kwa kuvishwa kibao shingoni. Hapo nyamaza kidogo, kisha uliza nani kati yao amewahi kuadhibiwa kwa kuzungumza Kigogo, au hata Kiswahili. Baada ya mikono hiyo kushuka, simulia uchaguzi wa 1996, wa kwanza wa wananchi kumchagua rais moja kwa moja, uliofanyika huku China ikirusha makombora ya majaribio baharini karibu na kisiwa.

Muda mwingi uuweke kwenye swali gumu, ambalo viongozi wengi wa midahalo hulikwepa. Estonia ilipopata tena uhuru mwaka 1991, wakazi wengi waliokuwa wakizungumza Kirusi walijikuta hawana uraia wa nchi yoyote. Je, utambulisho uliowakomboa wengine ulikuwa na haki ya kuwaacha hawa nje? Weka kanuni moja: asizungumze mtu kabla hajarudia hoja ya aliyemtangulia, mpaka mwenye hoja akubali kwamba imesemwa sawasawa. Wakigawanyika, usiwapatanishe siku hiyo. Andika hoja za pande zote mbili ubaoni, wazinakili madaftarini, na kikao kijacho kila upande upewe kutetea hoja za wenzao.