Kabla hujatia samaki mla wenzake kwenye lambo

Wenye malambo wengi wana kilio kimoja: perege wamejaa tele, lakini kila anayenaswa ni mdogo kama kidole. Perege huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, chakula hakiwatoshi wote, wanadumaa. Hapo ndipo mtu hushauriwa atie samaki mla wenzake awapunguze.

Kwenye bwawa dogo la kuchimba, linalokaushwa kila baada ya mavuno, kambare huifanya kazi hiyo vizuri. Kwenye lambo la kijiji au bwawa la umeme, nasema usithubutu, hasa kama samaki huyo hakuwamo tangu awali katika mto unaolijaza. Huko huwezi kukausha, na mvua kubwa ikija, maji ya ziada humpeleka hadi kwa jirani.

Tazama Ziwa Gatun la Panama, lililotokana na kuzibwa kwa Mto Chagres ili meli zipite kwenye Mfereji wa Panama. Mwishoni mwa miaka ya 1960 samaki mkali wa Amerika Kusini, Cichla, alitoroka kwenye mabwawa ya kufugia akaingia humo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kati ya aina 8 za samaki wa asili waliokuwa wengi, 6 zilikuwa zimetoweka sehemu alizotawala. Hata ndege wanaoishi kwa visamaki wakapungua.

Ziwa Victoria si bwawa la kujengwa, lakini funzo lake ni letu. Sangara, samaki mkubwa mla wenzake, aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka ghafla miaka ya 1980. Furu, visamaki vya asili vya ziwa hilo, wakaanguka, aina nyingi hazijaonekana tena. Ni kweli viwanda vya minofu vilileta fedha. Lakini furu alikuwa samaki ambaye mama wa kijijini alimuanika juani akakauka. Sangara ana mafuta mengi, hakauki juani. Anataka moshi, na moshi unataka kuni. Na furu walipokwisha, sangara akageukia uduvi, dagaa na watoto wake mwenyewe.

Kwa hiyo, kwenye lambo lililodumaza perege, anza na nyavu. Vua wadogo mara kwa mara, uwauze au uwafanye chakula cha kuku. Mwenye bwawa la kuchimba anunue vifaranga vya perege, madume watupu ili wasizaane, kwa mzalishaji anayeaminika. Ukiamua kuweka kambare bwawani, subiri perege wakubwa wazidi mdomo wake, kisha tia kambare wachache wadogo. Ukiwatia wote siku moja kambare wakiwa wakubwa, utavuna kambare peke yao. Weka wavu kwenye bomba la kutolea maji na uinue kingo, kwa sababu usiku wa mvua kambare hutambaa kwenye nyasi mbichi akahamia maji mengine.

Samaki yeyote mgeni, mwone kwanza ofisa uvuvi. Kumpandikiza kwenye maji ya asili bila kibali ni kosa.

Kama kambare wameshalishika bwawa lako, lifungulie kiangazi maji yote yatoke, uwakusanye kwa mkono. Usirudishe maji siku chache baadaye, kwa sababu hujificha topeni wakabaki hai. Acha tope likauke mpaka lipasuke, ndipo ujaze na utie vifaranga vipya.