Jinsi ya Kuunganisha Matatu, Tuktuk na Bodaboda Katika Kituo Kimoja

Mgonjwa anayetoka Mbita, mji ulio kando ya Ziwa Victoria, kwenda hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga jijini Kisumu anaweza kupanda vyombo vinne kabla hajamwona daktari: bodaboda hadi gatini, feri hadi Luanda Kotieno, matatu kupitia Ndori na Kisian hadi mjini, kisha tuktuk hadi langoni mwa hospitali. Kila chombo hufanya kazi yake, lakini hakuna kinachomsubiri mwenzake, na kinachomchosha mgonjwa huyo kuliko mwendo wenyewe ni vile vipindi vya kukaa juani akingoja. Waliosema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo huenda walikuwa wamekaa ndani ya gari lisilojaa. Mwongozo huu ni wa viongozi wa sacco (vyama vya ushirika vya wenye matatu), wenyeviti wa steji (vituo vya kuegesha) za bodaboda na kamati za wakazi wanaotaka kuviunganisha vyombo hivyo bila kusubiri mradi mkubwa wa serikali.

Anzeni na kituo kimoja, wala msianze na jiji zima. Kondele, mtaa wa Kisumu, inafaa kuwa mfano, kwa sababu matatu zinazotoka Kakamega, Chavakali na Kiboswa hupita hapo, bodaboda za kuelekea Manyatta husubiri hapo, na tuktuk za mjini hazikosekani. Abiria tayari hubadilisha gari mahali hapo kila siku. Kinachokosekana ni mpango: matatu ziishie hapo badala ya kuingia katikati ya mji, na tuktuk na bodaboda zimalizie safari.

Kabla ya kuitisha mkutano wowote, pimeni. Wapeni watu wawili saa na daftari, wamfuate abiria badala ya kufuata gari: ameshuka saa ngapi, ametembea hatua ngapi, amevuka barabara mara ngapi, amelipa kiasi gani, na chombo cha pili kimeondoka dakika ngapi baada ya yeye kuketi. Fanyeni hivyo asubuhi, saa nane mchana na jioni, na msiache kupima siku ya mvua wala Jumapili, ambayo ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye. Mfuateni pia mzee, mama mwenye mzigo, na mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Mkipima kijana mwenye mkoba mmoja tu, daftari litawaambia kwamba kila kitu ni shwari.

Daftari hilo ndilo litakaloonyesha faida iko wapi na ni ya nani. Matatu inayogeuzia Kondele huepuka msongamano wa katikati ya mji, hivyo huokoa mafuta na huenda ikapata safari ya ziada kwa siku. Tuktuk hupata abiria wa uhakika badala ya kuzunguka ikiwatafuta, na bodaboda hubaki na safari fupi za mitaani ambako magari makubwa hayafiki. Abiria, hata hivyo, hafaidiki moja kwa moja. Aliyekuwa akipanda gari moja hadi mjini sasa anaambiwa ashuke, na chombo cha pili kisipokuwa tayari, atakuwa amepoteza. Kwa maoni yangu, hakuna abiria anayestahili kulazimishwa kushuka katika miezi ya kwanza. Magari machache ya moja kwa moja yaendelee hadi njia mpya ijithibitishe yenyewe.

Sasa wakalisheni wahusika pamoja, na hapa msiharakishe. Dereva na kondakta wa matatu ya abiria 14 hudaiwa fedha za mwenye gari kila jioni, kwa hiyo hawaondoki mpaka gari lijae, na mtu anayewazungumzia juu ya ratiba bila kutaja deni hilo hatasikilizwa. Mwanabodaboda huiona steji kama mali, kwani mara nyingi amelipa kiingilio ili aruhusiwe kuegesha pikipiki yake hapo, na ukihamisha steji mita 50 umegusa riziki yake. Makanga wanaoita abiria nao huishi kwa ujira wa kila gari linalojaa. Waulizeni wote swali moja: mpango huu ukishindwa, wewe utapoteza nini? Andikeni majibu yao kabla ya kuchora mchoro wowote. Inafaa pia kuwakumbusha kwamba bodaboda yenyewe ilizaliwa kwa kazi ya kuunganisha, pale Busia, ambako waendesha baiskeli walivusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine.

Nauli ndiyo huvunja mipango mingi. Tuseme Kiboswa hadi mjini ni shilingi 100. Matatu ikitoza 80 hadi Kondele na tuktuk ikitoza 50 kutoka hapo, abiria ameongezewa shilingi 30 kwa usumbufu wa kushuka. Kubalianeni nauli moja ya pamoja, kwa mfano 110, ambapo matatu huchukua 70 kwa kuwa haiingii mjini, na tuktuk huchukua 40 kwa kila abiria kwa kuwa viti vyake vitatu hujaa mara moja. Malipo ya M-Pesa hurahisisha mgawanyo huo, lakini kumbukeni yaliyotokea mwaka 2014, serikali ilipotaka matatu zitumie kadi: wahudumu walipinga, kwa sababu mafuta, chakula na gharama zote za siku hulipwa kwa fedha taslimu zilizo mkononi. Kila mmoja apate mgao wake jioni ileile, si mwisho wa wiki.

Kuhusu muda, asubuhi na jioni hazihitaji ratiba kwa kuwa magari hujaa haraka. Wekeni kanuni ya saa za katikati tu: gari liondoke baada ya dakika 10 hata likiwa na viti vitupu, na hasara ifidiwe kutoka mfuko wa kituo unaochangiwa na wote.

Treni na feri ni jambo tofauti, kwa sababu saa zao zimepangwa, na vyombo vidogo ndivyo vinavyopaswa kuzifuata. Kisumu iliwahi kulijua hilo vizuri. Reli ilipofika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, stesheni iliwekwa karibu na gati ili abiria wa Uganda washuke kwenye behewa na kupanda meli, na walifanya hivyo kwa miaka mingi, kwani reli haikufika Kampala hadi mwaka 1931. Treni ya mwishoni mwa wiki iliporejeshwa Desemba 2021, ilileta tena abiria wa kutoka Nairobi waliofika asubuhi na mizigo yao; siku treni inapokuja, tuktuk chache zenye bei iliyobandikwa langoni zinatosha kuwapokea. Kwa upande wa Luanda Kotieno, upepo wa alasiri unaweza kuichelewesha feri, hivyo msimamizi wa steji awe na nambari ya simu ya mtu aliye gati ya Mbita, na gari la mwisho la kwenda Kisumu lisiondoke kabla hajapiga simu.

Jaribuni mpango kwa miezi mitatu, kisha warudisheni wale watu wawili na daftari lao, siku zilezile na saa zilezile. Mahali ambapo dakika za kungoja hazikupungua, rudisheni utaratibu wa zamani kwa muda huku mkitafuta kosa, na mtazame kwanza umbali kati ya mlango wa matatu na mlango wa tuktuk.