Jinsi ya kupata watu wa kujitolea kupanda mikoko, na wakarudi tena

Vikundi vingi vinavyopanda mikoko kwenye hori ya Tudor huuliza watu wanapatikana wapi. Mombasa vijana wamejaa, kuwapata si tabu. Tabu ni kuwaona mara ya pili, na hilo huamuliwa kabla hata hujamwita mtu.

1. Andika kazi yenyewe. "Tunahitaji watu wa kujitolea" haimwambii mtu lolote. Andika: watu kumi na wawili, kujaza udongo kwenye viriba, saa mbili hadi saa tano asubuhi, gambuti tunazo. Kama ni kupanda, malizana kwanza na afisa wa KFS, shirika la misitu la serikali ya Kenya, kwa maana mikoko ni msitu wa serikali.

2. Panga siku kwa maji. Ukishikilia Jumamosi tu, utawaleta watu wakati maji yamejaa, wakae wakiyatazama. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa kwetu hupwa asubuhi kuelekea adhuhuri, na hapo ndipo tope huwa wazi. Ikiangukia Ijumaa, malizeni mapema watu wawahi msikitini. Ramadhani wape kazi za kitalu, kivulini.

3. Sajili kwa adabu. Jina, simu na mtu wa kupigiwa kukitokea dharura vinatosha. Aliye chini ya miaka 18 alete idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata nyinyi wenye daftari la karatasi. Usimwingize mtu kwenye kundi la WhatsApp bila kumuuliza: msichana akianza kutumiwa "mambo" usiku na watu asiowajua, hamtamwona tena, wala hatawaambia kwa nini.

4. Mpokee mgeni. Akifika akakuta wenyeji wamekaa pamoja wakicheka, atajibanza pembeni na simu yake. Mpe mwenyeji mmoja tangu anaposhuka kwenye matatu. Mwenyeji huyo amshikishe mbegu ya mkoko, amwonyeshe ncha inayoingia topeni na upande wa chipukizi unaobaki juu, kisha amwache apande mwenyewe. Wenyeji wengi hapa hukosa subira, wakamnyang'anya.

5. Nauli. Anayetoka Likoni huvuka feri bure kwa miguu, lakini matatu za kwenda na kurudi ni pesa. Mrudishie siku ileile, atie sahihi. Kama hamna, semeni kwenye tangazo, asije akagundua jioni. Mimi ningepunguza fulana zenye nembo, maana zinapendeza pichani tu, na pesa hizo zikaingia kwenye nauli na maji ya kunywa.

6. Barua. Vijana wengi wanatafuta kazi. Waandikie barua inayotaja walichofanya hasa na kwa muda gani: "alisimamia kitalu" ina uzito kuliko "alishiriki". Msingoje waombe.

7. Aliyepotea mpigie mara moja, umuulize kilichomkwaza. Akitaja jina la mtu wenu, sikiliza bila kumtetea.